'Tutaelewana' si mkataba wa kazi

MKULIMA anaponunua mfuko wa mbolea huuliza bei kabla ya kutia mkono mfukoni. Huuliza uzito, huuliza kama ni ya kupandia au ya kukuzia, na akiwa makini hudai risiti. Mkulima huyo huyo anapomchukua mtu wa kumpalilia shamba, mazungumzo yote huishia katika maneno matatu: "Njoo kesho, tutaelewana."

Kauli hiyo imekuwa chanzo cha hasara ambayo wakulima na wafanyabiashara wadogo wengi hawaihesabu, kwa sababu haiandikwi popote. Shamba lililopaliliwa nusu, kahawa mbichi iliyochanganywa na iliyoiva, duka ambalo mauzo yake hayalingani na mzigo ulioingia, kijana wa kazi aliyeondoka usiku bila kuaga. Yote hayo huitwa matatizo ya vijana wa siku hizi. Ukweli ni kwamba mengi kati ya hayo ni matatizo ya uajiri, na yalianza siku ya kwanza.

Usimamizi wa rasilimali watu huonekana kuwa ni elimu ya mabenki, mashirika na ofisi za serikali, mahali penye ofisa utumishi na makabati ya mafaili. Mtazamo huo si sahihi. Mtu akishamlipa mwenzake ili amfanyie kazi, hata iwe palizi ya siku 10, tayari ni mwajiri na maswali ya mwajiri yanamhusu: anahitaji watu wangapi, wafanye nini hasa, wapatikane vipi, wafundishwe nini, walipwe kwa kipimo gani, na waachane vipi kazi ikiisha.

Inafaa kukumbuka asili ya neno kibarua. Ni barua ndogo, yaani hati aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa huko pwani, na jina la karatasi likageuka kuwa jina la mtu. Baadaye, wakati wa ukoloni, mashamba ya mkonge ya Tanganyika yalitumia kipande, kadi ya siku 30 za kazi ambayo kila siku iliyokamilika ilitiwa alama. Mfumo ule ulikuwa wa kikandamizaji na hakuna wa kuutamani. Hata hivyo, ulitambua kwamba kazi iliyofanyika lazima iandikwe mahali. Kibarua wa leo amebaki na jina tu, karatasi imepotea.

Jambo la kwanza ambalo wataalamu wa fani hii husisitiza ni mpango wa mahitaji ya watu. Kwa mkulima, hii ni hesabu ya siku-kazi, na haihitaji kompyuta.

Chukua mfano wa mkulima mwenye ekari 5 za mahindi. Ikiwa anajua kutokana na misimu iliyopita kwamba mtu mmoja humaliza ekari moja kwa siku 10, basi ekari 5 zinahitaji siku-kazi 50. Akitaka palizi ya kwanza imalizike ndani ya wiki 2, na watu wafanye kazi siku 6 kwa wiki, ana siku 12 tu. Hamsini kugawa kwa 12 ni zaidi kidogo ya 4, hivyo anahitaji watu 5. Akichukua watu 2 kwa kuwa ndio waliopita mlangoni kwake asubuhi hiyo, kazi itachukua siku 25, yaani zaidi ya wiki 4, na ekari ya mwisho itafikiwa magugu yakiwa yameshakula mbolea aliyoinunua kwa bei ya kuumiza.

Kosa la kawaida ni kuanza kutafuta watu siku magugu yanapoonekana. Mvua hainyeshi kwa mkulima mmoja. Siku hiyo jirani naye anatafuta, na jirani wa jirani, na bei ya ngwe inapanda kwa sababu ile ile inayofanya bei ya nyanya ishuke wakati wote wanapovuna pamoja. Anayewahi kukubaliana na watu wake kabla ya msimu, au anayefanya kazi na kundi lile lile mwaka hadi mwaka, huwa hayumo katika kinyang'anyiro hicho.

Baada ya idadi huja maelezo ya kazi, na hapa ndipo "tutaelewana" inapoanza kuuma. Kupalilia ni nini? Kwa kibarua mmoja ni kukata magugu na kusonga mbele. Kwa mwenye shamba ni kukata magugu, kupunguza miche iliyosongamana, kupandishia udongo kwenye mashina na kutoa nyasi nje ya shamba. Hizo ni kazi nne, na bei iliyotajwa ilikuwa ya moja. Jioni mwenye shamba anaona amedanganywa na kibarua anaona ameonewa. Njia rahisi ni mwenye shamba kushika jembe asubuhi ya kwanza, apalilie mstari mmoja mbele ya watu wake, na aseme: kila mstari uwe hivi, na kwa mstari wa namna hii malipo ni haya.

Kwa mwenye duka, maelezo ya kazi ni kusema nani anafungua na nani anafunga, ufunguo unalala wapi, nani anapokea mzigo na kuuhesabu, na je, anayeuza anaruhusiwa kukopesha? Kama anaruhusiwa, akopeshe nani na mwisho kiasi gani? Maduka mengi ya mitaani hayafi kwa wizi. Yanafa kwa daftari la madeni ambalo muuzaji alilifungua kwa kuwa hakuna aliyemwambia asilifungue.

Uteuzi wa mfanyakazi nao, katika biashara ndogo, mara nyingi haufanyiki kabisa. Mfanyakazi huletwa. Shangazi anapiga simu kutoka kijijini kwamba kijana amemaliza kidato cha nne na hana la kufanya, na mwenye duka anampokea kwa sababu kukataa ni aibu. Kijana anakula nyumbani, analala nyumbani, anaitwa mtoto wa nyumbani, kwa hiyo hana mshahara. Ameahidiwa kwamba akifanya vizuri atapelekwa VETA au atafunguliwa genge lake. Lini? Akifanya vizuri. Vizuri ni kiasi gani? Tutaelewana.

Mwaka unapita. Kijana sasa ana miaka 20, ana simu inayohitaji vocha, ana mama anayemuomba hela ya dawa, na mbele yake kuna droo ya pesa kutwa nzima. Siku moja anachukua Sh 2,000. Kwa mwenye duka huo ni wizi, na wa ndugu unauma zaidi. Kwa kijana ni mshahara aliojipangia mwenyewe baada ya kukosa wa kumpangia. Kesi hupelekwa kwa shangazi, si polisi, na kwa kawaida huisha kwa kijana kurudishwa kijijini na koo mbili kutosalimiana msibani.

Si kwamba ndugu hafai kuajiriwa. Ndugu ana faida kubwa: anafahamika tabia yake, na yeye naye ana jina la ukoo la kulinda. Tatizo ni kuchanganya mahusiano mawili katika mfuko mmoja. Mwenye duka aliyeamua kumchukua mpwa wake amtajie mshahara kwa tarakimu na siku ya kulipwa, amweleze kama chakula na malazi ni zawadi ya mjomba au ni sehemu ya malipo, na kila Jumamosi wahesabu mzigo wote wawili na kusaini daftari. Kama ahadi ya VETA ipo, itajwe mwaka na nani atalipa ada. Anayeona haya kusema hayo kwa mtoto wa dada yake atayasema baadaye kwa hasira, mbele ya watu wengi zaidi.

Suala la malipo ndilo zito kuliko yote, na si kiwango tu. Kipimo cha malipo nacho hufundisha mtu afanye kazi namna gani.

Mfano mzuri unapatikana katika kahawa ya arabika, iwe Kilimanjaro, Mbinga au Mbozi, ambako ni jambo la kawaida mchumaji kulipwa kwa debe. Debe halina macho. Halitofautishi tunda jekundu na la kijani. Mchumaji anayekokota tawi zima hujaza debe haraka kuliko anayechagua tunda moja moja, na mwisho wa siku yule mwenye haraka ndiye anayeondoka na pesa nyingi. Wenzake wanaona, na kesho nao wanakokota. Tunda bichi halimenyeki vizuri kwenye mashine na hushusha ubora wa kahawa yote iliyochanganyika nalo. Mkulima amelipia wingi, kisha analalamika kukosa ubora.

Kuwafokea wachumaji hakusaidii kitu hapo. Kinachosaidia ni kubadili kipimo: kahawa imwagwe kwenye turubai, ichambuliwe kabla ya kupimwa, na tunda la kijani lisihesabiwe. Lakini bei ya debe lazima ipande, kwa kuwa kuchagua kunachukua muda. Mkulima anayetaka nyekundu tupu kwa bei ile ile ya zamani anamtaka mchumaji agharimie ubora wa kahawa isiyokuwa yake, na mchumaji si mjinga.

Malipo ya kipimo yanafaa pale ambapo kazi inaonekana na kuhesabika, kama kubeba magunia, kuchimba mashimo ya migomba au kuvuna na kupukuchua. Hayafai kwa kazi ambayo ubovu wake hujificha. Mtu anayepulizia dawa kwa malipo ya kila bomba atatembea mbio ili amalize mabomba mengi, na mwenye shamba atagundua wiki mbili baadaye kwamba nusu ya miti haikuguswa. Kazi hiyo, pamoja na kupanda mbegu na kuhamisha miche kitaluni, ni ya malipo ya siku.

Kisha kuna muda wa kulipa. Desturi ya kumwambia kibarua asubiri mavuno imeenea sana na wengi huiona ni ya kawaida. Kiuchumi, huo ni mkopo. Mkulima amekopa kutoka kwa mtu maskini kuliko yeye, bila riba, bila tarehe ya kulipa, na mavuno yakiharibika anategemea mkopeshaji asamehe. Kama pesa taslimu haipo kweli, basi iwe ni makubaliano ya wazi tangu mwanzo: tarehe itajwe, na malipo yawe makubwa kidogo kuliko ya yule anayelipwa jioni hiyo hiyo. Kibarua anayekataa masharti hayo na kwenda kwa jirani hajakosa adabu. Amefanya hesabu.

Wapo watakaouliza kwa nini mwajiri mdogo ajisumbue hivyo ilhali watu wa kutafuta kazi ni wengi. Akiondoka huyu, kesho anakuja mwingine. Hoja hiyo ni ya zamani, na historia ya viwanda ina jibu lake.

Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Henry Ford huko Highland Park, Michigan, nchini Marekani, kilikuwa na wafanyakazi wapatao 14,000. Ili kuwa na idadi hiyo kwa mwaka mzima kililazimika kuajiri watu zaidi ya 52,000, kwa sababu waliondoka kwa kasi kubwa. Watu wa kutafuta kazi walikuwepo tele langoni. Lakini kila anayeingia alipaswa kuonyeshwa kazi, akaharibu vipuri akijifunza, na akaondoka alipoanza kuzoea. Januari 1914 Ford alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku, takriban mara mbili ya yale ya awali, na kupunguza saa za kazi kutoka 9 hadi 8. Kiwango cha wafanyakazi kuondoka, kilichokuwa asilimia 370 kwa mwaka, kilishuka hadi asilimia 16 mwaka 1915.

Ford hakufanya hivyo kwa huruma. Sehemu ya fedha hizo ilitolewa kwa masharti, na kampuni ilituma wakaguzi hadi majumbani mwa wafanyakazi kuangalia wanaishije, jambo ambalo lilichukiza wengi. Baadaye aliandika mwenyewe kwamba malipo hayo yalikuwa miongoni mwa hatua bora za kupunguza gharama alizowahi kuchukua. Alipunguza gharama kwa kuongeza mishahara, maneno yanayosikika kama kichekesho hadi mtu aweke hesabu mezani.

Mkulima wa ekari 5 hawezi kulipa mara mbili, wala hatakiwi. Anachotakiwa ni kuhesabu gharama ya mtu kuondoka, gharama ambayo Ford aliihesabu. Mfano wa mashine ya kusaga unatosha. Tuchukulie mwendesha mashine analipwa Sh 300,000 kwa mwezi, anaomba nyongeza ya Sh 30,000, ananyimwa, anaondoka. Mashine inasimama siku 6 wakati mwenye mashine akitafuta mwingine. Ikiwa kila siku ilikuwa inaleta faida ya Sh 25,000, hapo zimekwenda Sh 150,000. Mgeni anayeingia hajaizoea sauti ya mashine, anakata mkanda wa Sh 40,000. Jumla ni Sh 190,000 ndani ya mwezi mmoja, zaidi ya nyongeza ya miezi 6, na bado hawajahesabiwa wateja waliobeba debe zao za mahindi kwenda mashine ya ng'ambo na kuizoea.

Pesa si kila kitu pia. Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, Marekani. Waligundua kwamba yanayomfanya mtu anung'unike kazini si kinyume tu cha yanayomtia ari. Malipo mabovu, msimamizi mkorofi na mazingira mabaya huleta manung'uniko. Kuyaondoa kunanyamazisha manung'uniko, basi. Ari huja kwa kufanikisha kazi, kutambuliwa, na kupewa dhamana. Wahasibu wa Pittsburgh si wapaliliaji wa Kiteto, na nadharia hiyo imepingwa na wengi tangu hapo. Lakini kila aliyewahi kusimamia vibarua anajua tofauti ya mtu aliyepewa upande wake wa shamba na kuambiwa "hapa ni pako hadi mavuno" na yule anayehamishwahamishwa kila asubuhi kama toroli.

Kuhusu mafunzo, maneno machache yanatosha, kwa kuwa kwa kazi nyingi za shamba na duka ni suala la nusu siku. Gharama yake ni nusu siku hiyo. Gharama ya kutofundisha hulipwa msimu mzima. Upuliziaji wa dawa ndio usiokubali mzaha: anayepulizia aonyeshwe kipimo cha kuchanganya, asimame upande upepo unakotoka, avae buti, glovu na kitu cha kuziba pua na mdomo, asile wala kuvuta sigara kabla hajanawa, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Vifaa hivyo ni wajibu wa mwajiri kuvitoa. Kumkata kibarua bei ya glovu ni ubahili wa kutia aibu.

Sheria nayo ipo, na wengi huijua siku wanapopokea wito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 haikuandikwa kwa ajili ya viwanda pekee. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: jina lake na anuani, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi na ujira. Sharti hilo halimhusu anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja. Kwa wengine wote, kukosekana kwa karatasi kunamuumiza mwajiri zaidi ya mfanyakazi. Ukitokea mgogoro na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba au maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha kilichokubaliwa unakuwa juu yake. Kijana akisema aliahidiwa Sh 400,000 na mwenye duka akasema Sh 250,000, mwenye duka ndiye wa kuthibitisha.

Sheria hiyo imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, na saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Imezuia kabisa kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 hapaswi kuwekwa kwenye kazi za hatari, kilimo kikiwemo. Mtoto wa darasa la sita anayebeba bomba la dawa wakati wa likizo "kumsaidia baba yake" ni kosa hata kama baba yake amekubali.

Kwa wenye maduka, kipengele cha makato kinastahili kusomwa mara mbili. Desturi ni kwamba mzigo ukipungua, upungufu wote hukatwa kwenye mshahara wa muuzaji mwisho wa mwezi, na wakati mwingine mshahara mzima unakwisha. Sheria hairuhusu hivyo. Makato ya kufidia hasara yanataka mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake, apewe maelezo ya maandishi na nafasi ya kujitetea, na makato yenyewe yasizidi robo ya ujira wake. Panya waliokula unga si kosa la muuzaji kama mwenye duka ndiye aliyekataa kununua mapipa.

Kima cha chini cha mshahara hutangazwa na serikali kwa kila sekta. Katika amri ya mwaka 2013 kilimo kilipangiwa Sh 100,000 kwa mwezi, na katika amri iliyoanza kutumika Januari 2023 kikapangiwa Sh 140,000. Viwango hivi hupitiwa upya, hivyo mwajiri aulize ofisi ya kazi iliyo karibu naye kiwango cha mwaka husika kabla ya kukubaliana na mtu, si baada ya hapo. Hali kadhalika aulizie michango ya hifadhi ya jamii na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Kibarua aliyekatika vidole kwenye mashine ya kukobolea mpunga bila mfuko wowote nyuma yake ni mzigo wa mwenye mashine peke yake, na mashine nyingi ndogo haziwezi kuubeba.

Lipo lalamiko la haki kwamba utaratibu huu wote umeandikwa kama vile kila mwajiri ana karani. Mwenye genge lenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kujaza yale yale anayojaza mwenye kiwanda. Serikali ingefanya jambo la maana kama ingetoa fomu moja ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, ikapatikana ofisi ya kijiji na kwa ofisa ugani, ikawa na nafasi ya kazi, kipimo, malipo, tarehe na sahihi mbili. Vyama vya ushirika vingeweza kuzigawa pamoja na mbegu. Hadi hapo itakapotokea, daftari la shule lenye mistari linatosha: kila mmoja anaandika au kuandikiwa, anasomewa kwa sauti mbele ya shahidi, anatia sahihi au dole gumba. Picha ya ukurasa huo ikipigwa kwa simu, kila upande unabaki na nakala.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni kuachana. Wengi huajiri kwa tabasamu na kuachisha kwa kufoka, au kwa kunyamaza tu hadi mtu achoke kuja. Sheria inataka taarifa: siku 7 kama mtu yuko ndani ya mwezi wake wa kwanza, baada ya hapo siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Aliyeachishwa anayeona ameonewa ana siku 30 za kufikisha lalamiko katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na madai mengine, kama ya ujira ambao haukulipwa, yana siku 60. Katika Tume hiyo hatua ya kwanza ni usuluhishi, na hapo anayefungua daftari lenye sahihi mbili humaliza shauri mapema kuliko anayekuja na maneno matupu.

Kibarua wa msimu naye anastahili kuagwa. Siku ya mwisho, mkulima akae naye chini ya mti na daftari, wahesabu siku au madebe, watoe pesa alizotanguliziwa, alipwe kilichobaki palepale na atie sahihi. Waliofanya vizuri waandikwe majina na namba za simu, na waulizwe kabla hawajaondoka kama watarudi. Kwenye maeneo yanayoanza kupata mvua Novemba, simu ya kuwakumbusha hupigwa Oktoba, wakati jirani bado anatengeneza mpini wa jembe.